Kofia Nyeupe ya Kiprop

North York, Toronto
12 Januari 2025

Jepchirchir mtoto wangu,

Nakusalimu, ingawa barua zangu mbili hujazijibu na hustahili salamu. Mimi niko. Magoti yanauma, meno machache yaliyobaki ni mazima. Mjomba wako anatoka gizani kwenda kazini Markham na kurudi gizani, kama popo. Mkewe Nyaboke bado ni nesi wa zamu, akilala mchana tunatembea kwa vidole. Theluji imefunika gari mpaka hujui ni gari au kichuguu. Wewe je? Mbuzi wangu wamezaa? Yule jirani amerudisha panga langu?

Usiniambie nipige simu. Simu ya nyumba hii huwekwa mezani, sauti juu, kila mtu anachangia. Nilisoma ngumbaru miaka miwili ili nisimpe mtu mwingine maneno yangu aninenee.

Kiprop mtoto wao anaoa. Harusi ni tarehe kumi na mbili Julai. Msichana ni Mbengali, jina lake Paramita, kazi yake ni ya kompyuta. Nikiingia mlangoni ananiinamia anagusa miguu yangu. Mara ya kwanza nilidhani ameangusha kitu, nikainama pia tukagongana vichwa. Sina neno naye, ila ni mwembamba.

Kwao bwana harusi huvaa kofia nyeupe ndefu yenye ncha juu, wanaiita topor. Bibi harusi huvaa taji lake, wanaliita mukut. Vyote vinatoka upande wa mke. Nyanya wa msichana, ambaye wote wanamwita Didima, ndiye anayevitengeneza kwa mikono yake, gorofa ya kumi na moja, mezani kwake. Amewatengenezea mabinti na wajukuu wote. Kila Jumamosi vijana wananiacha kwake wakienda madukani. Hatuelewani hata neno moja. Tunakunywa chai na kutazamana.

Sasa sikia. Mti anaoutumia wao wanauita shola. Nje kahawia, ndani mweupe kama ugali, mwepesi hata ukiuweka mkononi huusikii. Ni ule mti wetu wa Ziwa Baringo wanaoundia vile vyombo vya kuvulia, au ni ndugu yake. Nilimwambia Kiprop, huu si mti wa maskini? Atavaaje mti wa maskini kichwani? Akasema, “Kogo, tafadhali,” na macho akayageuza kama mtoto wa hapa.

Hiyo kofia imepasuka. Juu, karibu na ncha, urefu wa kidole. Kwao kofia ikipasuka kabla ya siku yenyewe ni mkosi. Didima ana miaka themanini na mbili, macho hayako sawa na mikono inatetemeka, mambo hutokea. Mti wake umebaki kidogo sana na hapa hauuzwi.

Nitumie vipande sita vikavu vya mti wa ziwani, unene wa mkono wako. Nitaziba pale bila kelele. Ukifika Kampi ya Samaki, kule ziwani, nunua uondoke. Usikae kupiga hadithi, na jina langu usilitaje.

Ni mimi kogo yako, nyanya aliyekulea,
Kobilo


Marigat
23 Februari 2025

Kogo wangu,

Shikamoo, na unisamehe kwa kukawia. Mbuzi wamezaa wawili, mmoja ana kisirani, nimempa jina lako. Panga limerudi bila mpini. Shuleni nimepewa darasa la nne, watoto hamsini na tisa, sauti imekauka. Mvua bado. Mpongeze Kiprop. Mwambie dada yake anataka picha, si ile ya miguu na viatu.

Nilikwenda Jumamosi. Kogo, ukiona ziwa leo utalia. Limepanda limemeza barabara ya zamani, soko, na makaburi yote ya upande ule wa chini. Miti imesimama majini imekufa. Niliuliza kwa watu wanne nani bado anaukata mti ule mweupe, na wote walinitajia mzee mmoja, Yator. Nikamkuta amekaa kwenye jiwe, anauchonga.

Sikutaja jina lako. Yeye ndiye aliyelitaja. Alinitazama paji la uso akasema, “Wewe ni wa Kobilo.” Nikasema ni kogo yangu. Akachonga kwanza, akachonga sana, halafu akasema, “Mimi ni mdogo wake. Baba mmoja, mama mmoja.”

Kogo, nimekaa nyumbani kwako miaka kumi na tisa. Uliniambia baba yako alikuwa na ng'ombe mia moja huko Kabarnet na kwamba huna ndugu.

Alinieleza mengine. Alisema ulipelekwa mlimani kwa mjomba wako ukiwa na miaka kumi na mitatu, na ulipoposwa mjomba huyo alisimama kama baba, maana wakwe waliambiwa baba alishakufa. Alisema siku ya harusi baba yenu alipanda mlima kwa miguu akiwa na samaki wa zawadi, unga mweupe wa ule mti bado uko kwenye nywele. Wakwe wakakuuliza, yule ni nani. Alichosema ulijibu sitaki kukiandika. Kama si kweli, niambie, nitarudi nimwambie mbele ya watu kwamba ni mwongo.

Nilimwomba vipande sita. Akauliza vya nini. Nikamwambia sijui, maana hata mimi hukuniambia. Kofia ilipasukaje, Kogo? Nilipokuwa na miaka saba nilivunja kibuyu cha maziwa nikasema paka. Ulinishika sikio ukanipitisha nyumba sita, kila nyumba niseme kwa kinywa changu, “Ni mimi, si paka.” Hata kwa mama mchungaji.

Basi nauliza. Ni paka?

Mjukuu wako,
Jepchirchir


North York
30 Machi 2025

Jepchirchir,

Salamu kwa mbuzi. Wewe sikusalimu.

Nilikutuma mti, hukutumwa kuchimba makaburi. Nani alikufundisha kumhoji mtu aliyekupangusa kamasi? Hao watu wa ziwani wana maneno mengi kwa sababu samaki hawajibu. Nimekaa wiki mbili bila kukuandikia, nikisema mwache, mwache na mwalimu wake wa kwenye jiwe.

Nyaboke amebadilishiwa zamu. Mjomba wako ana kikohozi, amekataa tangawizi yangu, anakunywa dawa ya rangi ya samawati. Kiprop amepimwa suti.

Naandika kwa sababu ya jambo lililotokea Jumanne. Yule msichana Paramita alikuja jikoni kwetu akalia begani kwa Nyaboke. Nilikuwa nachambua mboga. Kiingereza changu ni kidogo lakini kilio nakielewa. Nikamuuliza Nyaboke, kuna nini? Akasema Didima amepelekwa hospitali kupimwa kichwa. Wamemwambia achore saa, ataje mwezi, arudie maneno matano. Kwa nini? Kwa sababu ya kofia. Mzee anasema hakumbuki kuikata pale ilipopasuka. Anasema mkono huo si wake, lakini nyumbani hakuna mwingine anayejua kuushika mti ule, kwa hiyo lazima ni yeye, na kama ni yeye basi akili inaondoka. Ameweka kisu ndani ya kopo la biskuti, amefunga, hataki tena. Wamenunua kofia ya dukani. Umeona ile plastiki nyeupe inayofungiwa televisheni? Ndiyo hiyo, imepakwa vimetameta.

Taji la msichana liko tayari tangu Desemba, zuri mpaka unaogopa kupumua karibu nalo. Litakaa kichwani kwake, na kando yake mume amevaa kasha la televisheni.

Niliendelea kuchambua mboga. Nyaboke akasema, “Mama, hizo ulizotupa ndizo nzuri.”

Si paka.

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Januari. Didima alikwenda kusali mbele ya miungu yake chumbani, hukaa huko muda mrefu. Kofia ilikuwa mezani, na kisu kando. Niliona mahali pamoja karibu na ncha hapajalainishwa vizuri. Nikasema, hapa mimi ningepitisha mara moja tu. Miaka sitini na tatu sijaugusa mti ule, Jepchirchir, na mkono ukaenda wenyewe. Kumbe hatukati namna moja. Yeye kisu hakitembei. Anakishika pale pale, na mti ndio anauzungusha dhidi yake, unatoka kama karatasi ndefu isiyokatika. Sisi mti hukaa, kisu ndicho tunachokisukuma mbele, kwa nguvu, kwa sababu tunaunda chombo cha kubeba mtu. Nilisukuma. Ikalia kidogo tu, kama yai.

Nikairudisha ilivyokuwa, upande mzuri mbele. Akarudi, akanimiminia chai.

Sasa unajua. Nitumie vipande vyangu sita. Nitaiziba, mzee ataiona nzima, ataona hakuna kilichoharibika, atapona. Hakuna haja ya nyumba sita.

Na huyo Yator usimpe barua hii.

Kogo yako


Marigat
27 Aprili 2025

Kogo wangu mpendwa,

Shikamoo. Mvua imenyesha siku tatu. Pasaka tulikula mbuzi, si yule wako. Natumaini kikohozi cha mjomba kimeisha na tangawizi imeshinda.

Sikumpa Babu Yator barua, nilimsomea. Nikaruka pale pa samaki wasiojibu, lakini pa kisu na mti nilipasoma pote. Alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema, “Kwa hiyo bado anasukuma kama baba.” Halafu akapangusa macho kwa mgongo wa mkono, akasema ni vumbi la mti.

Nikamwomba vipande sita. Akanipa hiki kimoja, urefu wa kiganja. Nikamwambia, Babu, hiki hakitatosha. Akasema, “Kwa kuficha hakitoshi. Kwa kumwonyesha yule mama kinatosha.” Nimejaribu kumbembeleza, hakubali. Ni mkaidi. Sijui ametoa wapi.

Nimekikausha vizuri na nimeandika juu ya bahasha ni kitu gani, ili watu wa forodha wasidhani ni bangi.

Kogo, sina la kukufundisha. Ila ile nyumba ya sita, ya mama mchungaji, nilipotoka nje ulininunulia andazi ukasema, “Sasa unaweza kula.” Nimekumbuka tu.

Jepchirchir


North York
25 Mei 2025

Jepchirchir,

Bahasha imefika. Ilifunguliwa ikafungwa tena kwa utepe wa kijani. Kipande kizima.

Nimekiweka chini ya mto wangu. Jumamosi mbili nimekwenda nacho kwa Didima ndani ya mkoba na kurudi nacho. Usiniulize kitu. Wote wazima.

Kobilo


North York
21 Julai 2025

Jepchirchir mtoto wangu,

Nakusalimu wewe na nyumba yako, na mbuzi, hata yule mwenye jina langu. Kikohozi kiliisha. Harusi imepita, ukumbi wa huko Pickering ulijaa, chakula kilikuwa kingi na pilipili yake si ya mchezo. Mchungaji wetu aliwaombea, na kasisi wao akawazungusha moto. Picha zinakuja, na uso upo. Lakini nianze nyuma.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe saba Juni. Tulikuwa wote kwa Didima, Kiprop, Paramita, Nyaboke na mimi. Mzee alikaa mikono mapajani kama mgeni kwenye nyumba yake. Ile kofia ya dukani ilikuwa juu ya kabati, inameremeta kama tusi. Nikamwambia Kiprop, “Tafsiri. Usitengeneze, usitie sukari. Mwambie kofia niliipasua mimi.”

Akasema, “Kogo, unasema nini?”

“Kiswahili kimekushinda? Ni mimi. Mwambie.”

Kiprop akamwambia Paramita kwa Kiingereza, Paramita akamwambia nyanyake kwa lugha yao. Mzee akanitazama, macho yakajaa maji, akanishika mkono akaupapasa. Nikamuuliza Paramita, anasema nini? Akasema, na Kiprop akanigeuzia, “Anasema wewe ni mtu mwema sana. Unajitwika kosa lake ili alale vizuri.”

Nyaboke naye akasema, “Mama, Mungu akubariki.” Nyaboke, ambaye nilimkataa mwaka mzima kwa kuwa Mkisii!

Jepchirchir, nitakuambia ukweli. Nilitaka kuliacha pale. Mlango ulikuwa wazi, na nje wananisubiri na baraka. Nilisema nimeshasema, wasiposadiki si juu yangu. Nikanywa chai yangu mpaka nusu.

Halafu nikamwona anajaribu kulikumbuka jina la yule mtangazaji wa habari kwenye televisheni, midomo inatembea, na uso umejaa hofu kama mtoto aliyepotea sokoni. Hata mimi sijui jina la mtu huyo! Nikaweka kikombe chini. Nikafungua kopo la biskuti mwenyewe, nikatoa kisu. Nikatoa kipande cha Yator kutoka kwenye mkoba. Mzee alipokiona alinyoosha shingo. Nikakishika juu ya goti, nikasukuma kisu mbele, mara moja, kama nilivyofundishwa.

Kisha nikaomba ile kofia iliyopasuka. Wameihifadhi ndani ya mfuko, kwao haitupwi hovyo. Nikaweka kipande kando ya mpasuko. Mkato ni uleule, mdomo wake uleule, hata ule mkwaruzo mdogo mwishoni pale ambapo kidole changu kilichovunjika zamani hakikunjiki.

Nilisikia lifti ikishuka.

Didima akapitisha kidole gumba kwenye mkato mmoja, halafu kwenye mwingine. Akaanza kuongea. Akaongea kwa muda, polepole, na Paramita hakutafsiri, alifunika mdomo tu. Nikasema, “Anasema nini? Hata kama ni matusi nataka yote.”

Kiprop akasubiri Paramita amnong'oneze kwa Kiingereza, akaniambia: “Anasema miezi mitano, kila asubuhi kabla ya kushuka kitandani, ameandika majina ya watoto wake wote kwenye karatasi, kuona kama bado anayajua.”

Mimi Kobilo, niliyepitisha mtoto wa miaka saba nyumba sita kwa ajili ya kibuyu. Sikuwa na pa kuweka uso. Nilitazama kapeti. Ina maua mekundu, ishirini na nne upande wa dirisha.

Mzee akaushika mkono wangu uliokata, akaugeuza, akaupiga kofi. Si kofi la mzaha. Kofi la kumpiga mwizi wa sukari. Paramita akashtuka akasema nyanyake hajawahi kumpiga mtu. Nikasema mwacheni, ana haki ya lingine. Hakulipiga. Alikaa akipumua, kisha akavuta kiti karibu na chake, akakigonga gonga, nikae.

Hapo ndipo Kiprop akauliza, “Lakini Kogo, ulijifunzia wapi kukata mti huu?”

Nyaboke akageuka. Mjukuu wangu huyu amekua akisikia habari za ng'ombe mia moja, hata aliziandika kwenye insha shuleni akapewa nyota.

Nikasema, “Kwa baba yangu. Alikuwa akiunda vyombo vya ziwani.”

“Na ng'ombe?”

“Hakuwa na hata jogoo.”

Nikawaambia yote, na Paramita akamwambia Didima yote. Ulichoogopa kukiandika ni hiki: wakwe waliponiuliza yule ni nani, nilisema, “Ni mchuuzi wa samaki, mpeni maji aende zake.” Alinisikia. Alikuwa karibu kama mlango huu. Akayanywa hayo maji, akashukuru, akaweka samaki chini, akashuka. Aliishi miaka kumi na moja baada ya hapo nami sikushuka. Yator hajakudanganya. Usimwite mwongo mbele ya mtu yeyote.

Didima aliposikia alisema neno moja fupi. Paramita hakutaka kulitafsiri, akasema si la matusi lakini pia si la kunipongeza. Vizuri. Lilikuwa langu.

Basi tukafanya kazi wiki nne. Yeye alishika kisu akikiegemeza mezani, mimi nikazungusha mti, kwa sababu mikono yake inatetemeka kweli na yangu imara lakini ina kiburi. Alinifokea kwa lugha yake, nikamfokea kwa yangu, na gundi ya mbegu za ukwaju ikatuingia kwenye nywele sote wawili. Kipande cha Yator kilitoa karatasi moja tu nzuri. Tulitengeneza ua moja tukaliweka juu ya mpasuko. Ukikaribia unaona ni jeupe tofauti kidogo, linaelekea manjano. Nilimwambia tulipake chaki. Akakataa, akanionyesha kwa kidole: libaki hivyo.

Kiprop alivaa. Kichwa chake kikubwa, ilibidi tupanue. Alipoingia ukumbini watu wa kina Paramita wakauliza ua lile la pembeni ni la nini, na nikamsikia mjukuu wangu, kwa Kiswahili chake kile kilichovunjika, halafu kwa Kiingereza, akisema, “Hilo la baba ya Kogo.” Alikuwa akimwambia kila aliyeuliza. Waliouliza walikuwa wengi kuliko nyumba sita, na mimi nilikaa pale nikasikia kila mara. Andazi sikununuliwa.

Ndani ya bahasha kuna ua la pili. Nimelikata peke yangu kwenye mabaki ya kile kipande, kwa kuzungusha, si kwa kusukuma. Ni baya, petali moja imekatika, usinicheke. Mpe Yator alitazame kwanza, akitaka kulisema vibaya aseme. Kisha mwende pamoja mpaka pale maji yalipomfunika baba. Hakuna kaburi la kuliweka juu yake, najua. Liwekeni juu ya maji tu.

Mti ule hauzami. Alikuwa akiniambia hivyo nikiwa mdogo.

Na panga langu litiwe mpini.

Kobilo, binti wa mwunda vyombo